Kioo Kilichodhaniwa Kimekufa: Wiki Sita za Kuweka Linux kwenye Kompyuta Mpakato ya Mwaka 2008

Ninafanya kazi ya kuchapa, kudurufu na kuchapisha nyaraka katika duka dogo la steshenari eneo la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mgawo wa umeme ulipokuwa mkali, kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikizimika katikati ya kazi karibu kila siku, na wateja walikuwa wakiondoka na flashi zao mkononi kwenda kutafuta duka lenye jenereta. Ndipo nilipokumbuka kompyuta mpakato niliyoiweka kabatini miaka mitatu kabla. Betri yake ilikuwa bado inahimili saa moja na nusu, na muda huo unatosha kumaliza kazi ya mteja aliyesimama mbele yako.

Mashine yenyewe ni ya mwaka 2008. Ina prosesa ya Intel Core 2 Duo, RAM ya GB 2, diski ya GB 160, kioo cha inchi 14 chenye nukta 1280 kwa 800, na chipu ya michoro ya Intel GMA X3100 iliyomo ndani ya chipseti ya GM965. Ninazitaja sifa hizi kwa ukamilifu kwa sababu nilikuja kugundua kwamba jina la chipu ya michoro lina thamani kuliko jina lililoandikwa kwenye mfuniko. Kompyuta mbili za jina moja zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti, na dawa ya moja isiifae nyingine hata kidogo. Niliyapoteza majuma mawili ya mwanzo kwa kufuata maelekezo ya watu waliokuwa na mashine ya jina kama la kwangu lakini yenye chipu nyingine ndani.

Niliiweka kabatini kwa sababu ya virusi. Ilikuwa inatumia Windows 7, ambayo iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na duka la steshenari hupokea flashi za watu wa kila aina kuanzia asubuhi hadi jioni. Kila mwenye duka kama langu anakijua kile kirusi kinachoficha mafaili ya mteja na kuacha njia za mkato tupu mahali pake. Kukiondoa lilikuwa jambo la kila wiki. Nilipoelezwa kwamba virusi vya namna hiyo haviwezi kufanya kazi ndani ya Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, niliamua kuijaribu.

Linux ina matoleo mengi, nami nilichagua Linux Mint 21.3 ya Xfce, iliyokuwa imetoka Januari mwaka huo. Xfce ni mazingira mepesi ya madirisha na menyu yanayoweza kukaa kwenye RAM ya GB 2, ingawa watengenezaji wenyewe wanapendekeza GB 4. Prosesa za Core 2 Duo ni za biti 64, kwa hiyo hapo sikuwa na kikwazo. Mwenye mashine ya biti 32 ana njia nyembamba zaidi, kwani matoleo mengi makubwa yameacha kuitengenezea faili la usakinishaji, na ni vizuri alihakikishe hilo kabla ya kununua bando.

Faili hilo ni zito, karibu GB 3. Nililipakua usiku kwa bando la shilingi 8,000, nikalihamishia kwenye flashi mpya ya shilingi 15,000 kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya usakinishaji, na usakinishaji ukakwama njiani ukitoa makosa ya kusoma mafaili. Niliilaumu diski, nikailaumu flashi, kumbe faili lenyewe lilikuwa limeharibika wakati wa kupakua, na ningelijua hilo kwa dakika mbili kama ningelinganisha alama ya SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaolitambulisha faili, iliyotolewa pamoja nalo. Kwenye Windows amri yake ni certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum. Herufi na tarakimu zikitofautiana hata moja, lipakue tena na usiendelee. Hivyo shilingi 8,000 nyingine zikaondoka.

Kosa lililoniuma kuliko yote halikuhusu kioo. Nilinakili folda ya nyaraka zangu kwenye diski ya nje, nikaridhika, kisha nikaruhusu usakinishaji ufute kila kitu. Nilisahau kwamba wateja wengi wa zamani nilikuwa nimewahifadhia kazi zao kwenye eneo la mbele la kompyuta, nje kabisa ya folda hiyo. Mifano yangu ya kadi za harusi na ratiba za ibada za mazishi niliyoitengeneza kwa miaka mitatu ilipotea. Ilipotea pia ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya binti mmoja wa chuo, ambaye alikuwa amenikabidhi nakala ya mkono na kuniamini kwamba kazi yake iko salama. Niliichapa upya kurasa zote arobaini usiku, bila malipo, nikiona aibu ambayo hadi leo haijaniisha. Anayetaka kufuta diski anakili diski nzima, folda ya mtumiaji pamoja na vyote vilivyomo, na afungue mafaili kadhaa kutoka kwenye nakala hiyo akiwa kwenye kompyuta nyingine kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta.

Tatizo la kioo lilijitokeza siku ile ile. Nilipowasha kwa flashi, nembo ya kampuni ilionekana vizuri, menyu ya Mint ikaonekana vizuri, nikachagua kuanza, na baada ya sekunde chache kioo kikawa cheusi. Diski ilikuwa inaunguruma, taa ndogo ya pembeni inacheza, na hata mlio wa kukaribisha ukasikika, lakini mbele yangu palikuwa na giza. Nilizima na kuwasha mara nyingi kabla sijaona kwamba ile menyu ina chaguo jingine la kuanza kwa hali ya upatanifu (compatibility mode). Kwa chaguo hilo picha ilikuja, ikiwa imevutwa na herufi zikiwa nene kama zilizolowa maji, lakini ilitosha kukamilisha usakinishaji. Nilifurahi mno. Niliondoa flashi, nikaiwasha mashine upya, nembo ikatokea, kisha giza lile lile.

Nikaipeleka kwa fundi. Alitoza shilingi 20,000 za uchunguzi, akaiwasha, akaona mwanga unakuja kwa sekunde chache na kuzimika, akasema taa ya kioo au kile kibao cha umeme kinachoiwasha kimekufa. Sitaki kumsingizia uzembe, kwa kuwa vioo vya miaka ile huwashwa na kijitaa chembamba cha mrija kinachotegemea kibao hicho, na kibao kikichoka dalili yake ndiyo hiyo hiyo, kwamba mwanga hutokea kwa muda mfupi kisha hukatika. Nilimlipa shilingi 90,000 kwa kioo cha mtumba pamoja na kibao chake. Baada ya siku tatu nilirudi dukani, nikaiwasha, nembo ikatokea, na giza likafuata kama mwanzo. Nilikaa kwenye kiti changu na ile mashine mapajani bila kusema neno, nikihesabu ni kurasa ngapi za shilingi mia tano napaswa kuchapa ili nirudishe fedha ile.

Aliyenifungua macho ni kijana wa chuo aliyekuja kudurufu kitambulisho. Aliniona naiwasha na kuizima, akaniamkia, kisha akaniuliza, "Mama, umewahi kukimulika?" Akazima taa ya duka, akawasha tochi ya simu yake, akaiweka karibu na kona ya kioo kwa mshazari, na pale kwenye duara la mwanga nikaona, kwa hafifu sana, kama maandishi ya penseli yaliyofutwa, kisanduku cha Mint kinachoomba nenosiri. Picha ilikuwapo muda wote, na kilichokosekana ni mwanga wa kuionyesha.

Kisha akaniambia nifanye jambo la pili, ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kumpa fundi hata shilingi moja. Aliiwasha upya akabonyeza kitufe cha kuingia kwenye BIOS, programu ndogo ya kompyuta yenyewe inayoanza kabla ya mfumo wowote, akaiacha hapo, akaendelea na shughuli yake ya kudurufu. Dakika tano zikapita, kumi zikapita, kioo kinawaka sawasawa bila hata kupepesa. Taa iliyokufa au kibao kilichochoka hakiwezi kuwaka dakika kumi ndani ya BIOS kisha kikatae kila mara kwa sekunde ile ile Linux inapoanza. Kama mwanga unakatika hata ukiwa ndani ya BIOS, hapo nenda kwa fundi kwa moyo mkunjufu. Kama haukatiki, vifaa ni vizima na ugonjwa uko kwenye programu. Jaribio hilo ni la bure, nami nililifanya nikiwa nimekwisha kulipa shilingi 110,000.

Inafaa kueleza kwa nini giza linaingia pale pale. Kompyuta inapowaka, BIOS ndiyo inayoongoza kioo, kwa namna rahisi inayokubalika na karibu kila mashine. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ikishapanda, kiendeshi cha chipu ya michoro, yaani programu inayoiongoza chipu hiyo, huichukua kazi hiyo, hupanga chenyewe ukubwa wa picha na kushika udhibiti wa mwanga. Kwa chipu za Intel utaratibu huu uliingia kwenye kerneli mwaka 2009, na kwenye mashine nyingi ni faida tupu. Kwenye mashine ya miaka ile, hata hivyo, taarifa ambazo BIOS inampa kiendeshi zinaweza kuwa na kasoro, naye akazifuata kama alivyopewa.

Neno la kwanza ambalo watu hufundishana ni nomodeset, linaloizuia kerneli isichukue uongozi wa kioo. Unaliweka kwa namna hii: Mint ikiwa peke yake kwenye diski huificha menyu ya kuwashia, kwa hiyo kwenye mashine za BIOS ya zamani unashikilia kitufe cha Shift mara tu nembo inapopotea hadi menyu itokee. Unabonyeza herufi e, unatafuta mstari unaoanza na neno linux, unakwenda mwisho wake karibu na maneno quiet splash, unaandika nomodeset, kisha unabonyeza F10. Badiliko hilo ni la mara moja tu na likiharibu kitu linapotea ukizima mashine, kwa hiyo hakuna sababu ya kuliogopa.

Picha ilikuja, nami nikadhani safari imekwisha. Kwa wiki mbili nilifanya kazi hivyo: nukta 1024 kwa 768 zilizovutwa kwenye kioo kipana, mwanga usiopungua wala kuongezeka, feni ikipiga kelele tangu asubuhi, na ukurasa wa kawaida ukisogea kwa mikwaruzo. Betri ya saa moja na nusu ikawa ya dakika hamsini. Sababu ni kwamba chipu ya michoro inakuwa imewekwa kando na prosesa inachora kila kitu yenyewe. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wengi wakiishia hapo na kusema Linux ni nzito kwenye kompyuta za zamani. Mlango huo ni wa kuingilia, ili upate pa kusimama ukitafuta tiba.

Tiba niliitafuta kwa msaada wa kioo cha ile kompyuta ya mezani. Nilikiunganisha kwa waya wa VGA, nikaiwasha mashine bila nomodeset, na ingawa kioo chake kilibaki cheusi, kile cha nje kilionyesha kila kitu. Niliandika lspci -k nikahakikisha kwamba kiendeshi kinachotumika ni i915, ambacho ndicho sahihi kwa chipu za Intel. Kisha nikafungua folda ya /sys/class/backlight, ambamo kerneli huweka vidhibiti vya mwanga, na nikakuta majina mawili: acpi_video0 na intel_backlight. Mashine ilikuwa na swichi mbili za taa moja. Mazingira ya Xfce yalikuwa yanatumia ya kwanza, na kila nilipoisogeza hakuna kilichobadilika. Ya pili ilikuwa inasoma sifuri.

Nikasoma kiwango chake cha juu kwenye faili la max_brightness, nikachukua nusu ya namba hiyo, nikaiandika kwenye faili la brightness kwa amri ya echo ikipitishwa kwenye sudo tee. Nilipobonyeza Enter, kioo kilichokaa giza kwa zaidi ya mwezi kiliwaka mbele ya uso wangu, na kwa mara ya kwanza nikaona rangi ya kijani ya Mint bila tochi. Nilipiga kelele hadi jirani anayeuza vitenge akaja kuuliza kuna nini.

Swichi hiyo hurudi ilivyokuwa kila ukizima, kwa hiyo nililazimika kuiambia kerneli tangu mwanzo itumie ipi. Kigezo chake ni acpi_backlight, na kinapewa thamani mbalimbali. Nilijaribu vendor, haikusaidia. Nilijaribu native, na mwanga ukaja wenyewe wakati wa kuwaka. Kwenye mashine yako huenda ikawa kinyume chake, na hapa ndipo daftari linapohitajika: andika kigezo ulichojaribu, andika kilichotokea, kiondoe, ndipo ujaribu kingine. Katika wiki za mwanzo nilikuwa nikiweka vigezo vitatu au vinne kwa pamoja, na kitu kikibadilika sikuweza kujua ni kipi kilichofanya kazi na ni kipi kinachokipinga.

Palibaki jambo moja la ajabu. Mwanga ulikuwapo, lakini picha bado ilikuwa ya nukta 1024 kwa 768, na mara nyingine kisanduku cha nenosiri hakikuonekana mahali popote hadi nisogeze kipanya nje ya ukingo wa kulia. Amri ya xrandr, inayoorodhesha vioo ambavyo mfumo unaviona, ilinipa jibu. Pamoja na LVDS-1, ambacho ni kioo cha kompyuta yenyewe, ilitaja SVIDEO-1 ikidai kwamba kuna televisheni imeunganishwa. Niliigeuza mashine huku na huku: haina tundu la televisheni popote. Sakiti ya televisheni imo ndani ya chipu, lakini tundu lake halikuwekwa kwenye mashine hii, na kwa kuwa waya zake zinaishia hewani, chipu huhisi kama kuna kitu. Mfumo ukaamini kwamba una vioo viwili na ukapanga mambo yake ili kuitosheleza televisheni isiyokuwapo. Kigezo cha video=SVIDEO-1:d kinaifuta kabisa. Baada ya kukiweka, nukta 1280 kwa 800 zilirudi, na herufi zikawa nyembamba na safi kiasi kwamba nilifungua hati moja ya zamani ili tu niitazame.

Ili vigezo vidumu, vinaandikwa ndani ya faili la /etc/default/grub, ambalo ni la mipangilio ya menyu ya kuwashia, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ndani ya alama za nukuu baada ya quiet splash, kisha inafuata amri ya sudo update-grub. Nakili faili hilo kwanza. Mimi nilisahau alama ya nukuu ya kufunga, amri ikakataa kwa kutaja kosa la mstari huo, na kwa kuwa nilikuwa na nakala nilirekebisha bila hofu. Soma pia majibu ya update-grub hadi mwisho, kwa sababu ikikataa na wewe ukaondoka, ukiwasha upya utakuta hali ya zamani na utadhani kigezo hakifai.

Kioo kilipotengemaa ndipo niliponunua SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 120 kwa shilingi 60,000 na kipande cha RAM cha GB 2 kwa shilingi 25,000, na ninashukuru sikuvinunua mapema, maana kama kioo kingeshindikana vingekuwa hasara juu ya hasara. Jumla nilitumia shilingi 226,000. Kati ya hizo, 118,000 zilikwenda bure: kazi ya fundi, kioo cha mtumba na bando la faili bovu. Kompyuta sasa inawaka chini ya nusu dakika, betri imerudi kwenye saa moja na nusu, na flashi yenye njia za mkato za uongo ninaifungua, ninayaona mafaili halisi ya mteja yaliyofichwa, na kumrudishia kazi yake.

Bado kuna mawili ambayo sijayamaliza. Vitufe vya kuongeza mwanga kwenye kibodi havifanyi kazi, hivyo ninatumia kitelezi cha Xfce. Na mwezi Juni niliposakinisha kerneli mpya zaidi, kioo kilianza kumetameta kila nilipofungua mfuniko. Nilishikilia Shift, nikaingia kwenye machaguo ya ziada ya menyu, nikachagua kerneli ya 5.15 niliyokuwa nayo mwanzo, na kumetameta kukakoma. Tangu hapo ninaruhusu masasisho ya programu zote, lakini kerneli ile siifuti, na vigezo vyangu viwili nimeviandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya mashine, karibu na mlango wa betri, ili hata akija mtu mwingine kuishika aikute namna ya kuiwasha.